Togwa Niliyokunywa Kabla ya Kipimo

Kamwene, ndugu zangu. Sitawachosha, ushuhuda wangu ni mfupi.

Wengi hapa mnamkumbuka mama yangu mzazi. Alikuwa na kisukari, akachomwa insulini miaka mingi, mwisho akakatwa mguu. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma zile sindano. Kwa hiyo nikisikia neno insulini, nauona mguu wa mama.

Mwaka jana nikaanza kuchoka hovyo, na shingo ikaweka weusi usiotoka hata nikisugua. Nikashuka Iringa mjini. Daktari akasema nirudi siku nyingine asubuhi, nisile kitu kuanzia jioni, nipimwe sukari na kiwango cha insulini kwenye damu.

Siku ilipofika, mama mkwe wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na kikombe cha togwa, ile tamu ya unga wa mahindi. "Mwanangu, safari ya Iringa na tumbo tupu? Hapana." Nikanywa. Akaongeza, nikanywa. Msinicheke! Nani hapa Kilolo anaiita togwa chakula? Maabara wakaniuliza, "Mama, umekula?" Nikajibu kwa ujasiri kabisa, "Sijala tangu jana."

Majibu yalipotoka, daktari alikunja uso. "Insulini iko juu sana, na sukari nayo imepanda. Rudi wiki ijayo, tupime tena." Neno kurudi halikuniingia. Nilisikia insulini tu. Karatasi nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo, na mume wangu nikamwambia ni uchovu wa kazi.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ina akili zake. Niliapa sirudi kule. Nikajitibu mwenyewe: majani ya maboga ya kuchemsha, ugali sigusi, na jembe kama kawaida. Kila nikivua viatu jioni naitazama miguu yangu, najiuliza watakata upi.

Siku ya kumi na moja nikaanguka kwenye shamba la viazi. Mume wangu akanibeba mpaka ndani, akachukua kitabu cha nyimbo ili tuombe. Karatasi ikadondoka. Akaisoma, akaisoma tena. "Kwa hiyo ulitaka nikuzike bila kujua kilichokuua?" Nililia kama mtoto. Kesho yake tukashuka wote wawili.

Tulimkuta nesi mmoja mtu mzima. Huyo hakuniuliza kama nilikula. Aliuliza, "Siku ile, tangu umeamka mpaka umefika hapa, ni nini kilipita mdomoni?"

"Togwa tu, dada."

"Vikombe vingapi?"

"Viwili. Vikubwa."

Akaweka kalamu chini. "Basi siku ile tulipima togwa, mama."

Nikaambiwa nile kawaida siku kadhaa, kisha nirudi baada ya kukaa usiku mzima kwa maji matupu. Safari hii sukari ilikuwa sawa. Insulini ilikuwa imeshuka, ila bado juu kidogo. Nikauliza, "Nitachomwa sindano?"

"Hapana mama, kisukari huna," daktari akasema. "Ila mwili wako unatumia insulini nyingi kuishikilia sukari hiyo. Ni kama ng'ombe anayelima kwenye tope. Shamba linalimika, lakini ng'ombe anaumia. Tumpunguzie mzigo kabla hajalala chini."

Basi nimepunguza ugali, chai nakunywa bila sukari, na hapa kanisani nakuja kwa miguu. Weusi wa shingo umeanza kufifia. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, na yule nesi aliyejua kuuliza. Nanyi, mkipewa karatasi ya vipimo, msiisome peke yenu na hofu zenu. Semeni kila kitu mlichokunywa, hata kama ni aibu.

Mama mkwe alilia sana alipojua. Alidhani ameniua. Juzi nilipokuwa natoka kwenda kupimwa tena, nikamkuta pale pale mlangoni, na kikombe kile kile mkononi. Nikachungulia ndani.

Yalikuwa maji.