Konokono, Ndoana na Kitabu cha Samaki

Tarehe 31 Agosti 2009, baada ya miaka kumi na miezi minne, Mama Scholastique Nabintu anakabidhi ufunguo wa chumba cha lebo na kustaafu. Hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, ambapo mtu akimaliza miaka miwili tunamwita mwenyeji, miaka kumi si mchezo. Mimi Abdulsamad wa mizigo nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka minane, ndiyo maana nimepewa kazi ya kumwandika. Nikitia chumvi anisamehe.

Ufundi aliuanzia Bukavu, katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, akipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Alipofika Guangzhou mwaka 1999 alimkuta laoban wetu, yaani bosi, Mzee Augustin, akiwachapia wafanyabiashara wa kwetu lebo za viatu na vipodozi. Wiki ya kwanza Mama alirudisha katoni nzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa upande. Bosi alifoka. Wiki ya pili akampa ule ufunguo.

Lakini habari inayoniwasha kalamu ni ya mwaka 2004.

Manivanh ni mfanyabiashara kutoka Laos, mteja wetu anayenunua viatu soko la Liuhua. Siku hiyo alikuja na disketi na karatasi kumi na moja. Marehemu baba yake, mwalimu, alikusanya majina na tabia za samaki wa mto wa kwao, kurasa mia moja na ishirini, akaziandika kwa kompyuta. Kompyuta ikafa, na mzee naye akafuata. Zilibaki karatasi hizo chache alizowahi kuzichapa, na disketi ambayo ukiifungua inakuonyesha herufi za Kizungu zilizovurugika, kama paka amepita juu ya kibodi. Kila duka la kompyuta lilimjibu meiyou, hakuna. Na mama yake alikuwa ameanza kuingiwa na mtoto wa jicho. Alitaka kukisoma kitabu cha mumewe angali anaona.

Sisi wengine tulimpa pole. Mama Scholastique akavuta kiti.

Alinieleza mara tatu ndipo nikaelewa. Zamani kompyuta nyingi hazikuwa na nafasi ya Kilao, basi watu wakatengeneza fonti zilizopangisha herufi zao katika nyumba za Kizungu. Kompyuta inadhani imeandika k, fonti inachora umbo la Kilao. Fonti ikipotea, mpangaji haonekani, anabaki mwenye nyumba. Siku hizi kila herufi ya Kilao ina namba yake yenyewe, ile ile dunia nzima. Kazi ilikuwa kuwahamishia wapangaji wote kwao, na hati ya zamani ya nani kakaa wapi hakuna aliyekuwa nayo.

Na Kilao chenyewe Mama hajui hata neno la kuombea maji! Aliweka karatasi kushoto na skrini kulia, akalinganisha umbo kwa umbo, na kila umbo akalibatiza: konokono, konokono mwenye pembe, ndoana, sikio la sungura. Ukipita mlangoni unamsikia akinong'ona: ndoana, sikio, ndoana, doucement, polepole. Wateja walidhani anasali rozari.

Baada ya miezi miwili Manivanh alipewa kurasa thelathini. Akasoma, akazirudisha mezani. Kumbe Mama, kwa mazoea ya Bukavu, aliviona vijistari vidogo vilivyokaa juu ya herufi akadhani ni vumbi la wino. Na alama zake kwenye skrini akazifagia kama takataka. Salale! Vijistari hivyo ndivyo vinavyomwambia msomaji sauti ipande au ishuke. Bila hivyo nusu ya samaki wa marehemu hawakuwa na majina. Mama alilia mbele yetu, naye si mtu wa kulia. Kuteleza si kuanguka: alifuta uso, akafungua tena ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata kazi ilikamilika, ikachapwa kwanza kwa herufi kubwa na kupelekwa kwa yule mjane. Alisoma siku nne, na ukurasa mmoja akabishana na marehemu kuhusu kambare. Ndipo Manivanh akarudi na mistari mitatu aliyoiandika kwa mkono, akaomba iwekwe mwisho wa kitabu. Mama aliipanga kama kawaida yake, konokono baada ya ndoana, wala hakuuliza inasema nini. Nakala yake ya kitabu iko rafuni hadi leo, karibu na chupa ya chai.

Mimi siwezi kukaa na jambo nisilolijua. Mwezi uliopita Manivanh alipoleta mzigo nilimshika nikamwomba anitafsirie. Mstari wa kwanza unasema: Mama yangu amekisoma chote. Wa pili: Aliyemrudisha baba ni Scholastique wa Bukavu. Wa tatu: Msomaji, mwombee.

Mama, miaka minne umelifuta vumbi jina lako. Ulilipanga kwa mkono wako mwenyewe.

Ahsante kwa lebo, kwa ukali, na kwa chai. Nenda Bukavu kwa heri, upumzike, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Wakikuuliza ulifanya nini China, wafungulie ukurasa wa mwisho, mstari wa pili. Jina lako linaanza na yule konokono mwenye pembe.