Lea Kalinga na Kaptula Isiyo na Tope

Tarehe 30 Juni mwaka huu Lea Kalinga anastaafu, baada ya kuitumikia Studio ya Picha Nyanda, hapa Ilomba, Mbeya, kwa miaka thelathini na mmoja. Rabson, mwongozaji wetu, ameniomba niandike ukurasa wa kumsifu kwenye ratiba ya sherehe, kwa kuwa mimi ndiye mzee kuliko wote waliofanya naye kazi. Nimekubali kwa furaha. Lakini siwezi kumsifu Lea kwa haki bila kusema kwanza kwamba kuna jambo nimelificha kwa miaka hamsini na mmoja. Maelezo niliyowapa watu wa studio kuhusu siku moja ya mwaka 1974, siku ambayo ndiyo kiini cha tamthilia yetu ya Koplo Devotha, hayakuwa ya kweli. Lea aligundua. Na aliyeadhibiwa ni Lea.

Nitafika huko. Kwanza mjue tunamuaga nani.

Lea alizaliwa kijiji kimoja karibu na Tosamaganga, mkoani Iringa, akajifunza ushonaji kwa masista. Anasema walimfundisha mambo mawili: kufumua bila huruma, na kusali wakati wa kufumua. Mwaka 1994 alikuja Mbeya kumsalimia shangazi yake. Studio wakati huo ilikuwa chumba kimoja na kamera moja, na siku hiyo ilikuwa inarekodi harusi ya jirani. Gauni la bi harusi likapasuka mgongoni wakati gari la kanisani limeshawashwa. Lea alilishona likiwa mwilini, bi harusi amesimama, na kwenye ule mkanda hakuna aliyewahi kuuona mshono. Kesho yake akaajiriwa. Shangazi bado anasubiri mgeni wake amalize kumsalimia.

Tangu hapo kila nguo iliyopita mbele ya kamera za Picha Nyanda imepita mikononi mwake. Amewavisha machifu, walevi, wachungaji, wanafunzi wa miaka ya sitini na mabibi harusi wa uongo wasiohesabika. Shati jipya likitakiwa kuwa la zamani analichemsha kwenye majani ya chai. Hataki zipu kwenye sketi ya enzi za vifungo, hata kama kamera iko upande wa pili. Kwa ajili ya Koplo Devotha alitafuta pasi ya mkaa, akakataa katakata ile ya umeme, na kaptula na sketi za polisi alizitia kanji ya muhogo mpaka zikasimama zenyewe mezani. Sarah, mwigizaji wetu wa Devotha, alilalamika kwamba sketi ni ngumu, hawezi kukaa.

“Askari wa zamani hakuwa anakaa, mwanangu,” Lea alimjibu. “Wewe umeona wapi koplo wa kike amekaa na wanaume wanamwangalia? Simama hivyohivyo. Umependeza.”

Nilikuwepo, nikacheka mpaka nikakohoa. Alisema kweli. Devotha alikuwa hakai.

Jambo ambalo Lea atakumbukwa nalo zaidi, nadhani, ni makopo yake ya udongo. Yako kwenye rafu ya chini stoo, makopo ya siagi yaliyooshwa, kila moja na karatasi yake: Ilomba, Tosamaganga, Rungwe, Madibira. Mwigizaji akitakiwa kuwa ametoka shambani au porini, Lea huuliza ametoka upande gani na amevuka nini, kisha humpaka udongo wa mahali hapo hasa, mpaka pale ambapo tope lingefika. Wengi walimwona anajisumbua. Kwenye sehemu ya pili ya tamthilia hii, Lea akiwa mgonjwa, msaidizi alichukua udongo mwekundu wa Iringa akampaka mwizi wa ng'ombe anayetoka bonde la Usangu, ambako tope ni jeusi. Rabson alisema hakuna atakayeona. Sehemu hiyo iliporushwa, kabla haijafika katikati, mkulima mmoja wa mpunga akapiga simu studio kutoka Madibira, hukohuko Usangu. “Huyo mwizi wenu si wa huku,” alisema. “Mrudisheni kwao Iringa.” Lea alipopona aliandika maneno hayo kwa chaki juu ya mlango wa stoo, na bado yapo.

Sasa Devotha. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mmoja wa askari wa kike wa kwanza kupangiwa kazi Usangu. Alifariki miaka kumi na minane iliyopita. Mimi, Gwakisa, nilikuwa chini yake katika kituo kidogo cha barabarani ambacho sasa hakipo. Yeye koplo, mimi konstebo. Studio ilipoamua kutengeneza tamthilia juu ya maisha yake, nilikuwa nimebaki peke yangu kati ya tuliofanya naye kazi. Nikawa mshauri wa mambo ya polisi. Niliwafundisha waigizaji kupiga saluti, kujaza kitabu cha matukio na kumkamata mtu bila kumng'oa bega. Na niliwasimulia kisa cha ng'ombe wa Ng'washi.

Ng'washi alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na familia yake. Mwezi wa sita mwaka ule wezi walimchukulia ng'ombe arobaini na tatu, wakawaingiza kwenye matete ya bwawa. Nilisimulia kwamba Devotha na mimi tuliingia majini, mimi nikiwa mbele. Kwamba mimi ndiye niliyeliita dume la Ng'washi kwa mwito aliotufundisha mwenyewe, dume likaja, kundi lote likalifuata, wezi wakadhani polisi wamejaa matete yote, wawili wakajisalimisha. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mchezo. Ndivyo nilivyokuwa nimewasimulia wanangu, na ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Mwaka jana mpwa wa Devotha alileta studio picha ya asubuhi ya pili yake, ng'ombe waliporudi. Lea aliiomba ili apate mfano wa mavazi ya sehemu ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho. Akaikalia siku mbili na kioo chake cha kukuzia. Siku ya tatu akanifuata nikiwa nakunywa chai na waigizaji.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, Lea.”

“Nina swali la fundi tu. Devotha hapa ana tope mpaka kiunoni, na kiatu kimoja hana. Wewe umesimama pembeni yake, kaptula ina mkunjo wa pasi na soksi zimefika magotini. Nikupake tope mpaka wapi?”

Nikamwambia nilikuwa nimebadilisha nguo.

“Kumbe mlikuwa na sanduku huko porini, baba?”

Waigizaji walicheka. Lea hakukusudia kunidhihaki. Ndivyo anavyoongea na kila mtu. Lakini nilikuwa na miaka themanini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikampandishia sauti mbele ya watu. Nikamwambia ashone, historia awaachie waliokuwepo. Yeye akakunja kitambaa chake na kusema kwa upole, “Sawa, baba. Mimi naulizia kaptula tu. Mengine ni yako.”

Tulipokwenda Madibira kurekodi sehemu ya kumi, Lea alimtayarisha Sarah kama picha inavyoonyesha, tope jeusi mpaka kiunoni. Kijana aliyeigiza mimi alimtayarisha vilevile kama picha inavyoonyesha, safi kabisa. Rabson alipoona akashika kichwa. Kijana alitakiwa atoke majini akiwa mbele; angetokaje majini mkavu? Lea akasema hajui, yeye amefuata picha, na kwamba kopo la tope analo mkononi, ila atampaka huyo kijana siku mimi nitakaposema mbele ya wote kwamba niliingia majini.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema neno moja. Badala yake nilimwambia Rabson achague, ama Lea ama mimi.

Simlaumu Rabson. Alikuwa na kazi ya kumaliza na shahidi mmoja tu aliye hai. Kurekodi kukaahirishwa siku nzima. Lea akaandikiwa barua ya onyo kwa kukaidi maagizo kazini, akaondolewa kwenye tamthilia akiwa amebakiza sehemu moja, akarudishwa stoo. Jina lake likafutwa kwenye orodha inayopita mwishoni, katika sehemu zote kumi, pamoja na zile tisa alizovisha kwa mikono yake. Kijana akapakwa tope na mtu mwingine.

Miezi kumi imepita. Katika miezi hiyo nimelazwa mara tatu, na mara ya mwisho daktari alinieleza bila kuzunguka. Mtu aliyekuja kunitazama mara nyingi kuliko wanangu ni Lea. Alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa. Mara moja aliona shati langu limekunjamana, akaondoka nalo, akalirudisha limenyooka kama la gwaride. Nilimwambia asijisumbue, sitoki kitandani. “Hata wa kitandani anaonekana, baba,” akasema. Hakugusia picha wala barua. Nilitamani aniulize tena. Hakuniuliza.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyofanya, na nayaandika hapa ili kila mwenye ratiba hii ayasome. Nimemwandikia Rabson kufuta malalamiko yangu yote, na kumwomba barua ya onyo itolewe kwenye faili la Lea kabla ya tarehe 30, jina lake lirudishwe kwenye sehemu zote kumi, na sehemu ya kumi, itakayorushwa Julai, irekodiwe upya. Nakala ameshapewa Lea. Rabson alikuja nyumbani, akaisoma barua hiyo mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mzee Gwakisa, sasa kwenye sehemu ya kumi nionyeshe nini?” Nikamwambia jibu litakuwa kwenye ukurasa huu, naye asiuguse hata nukta.

Lea, umetufanyia kazi kwa miaka thelathini na mmoja na hukuwahi kutuvisha uongo. Studio inakushukuru. Waigizaji uliowachoma kwa pini wanakushukuru, na wengi wao wamesema watachanga kukununulia cherehani mpya ya nyumbani, ingawa wanajua utaikosoa. Rudi Iringa ukapumzike, ulime mahindi yako, umalizie zile salamu za shangazi ukipita njiani. Mungu akupe afya na siku nyingi zenye jua la kuanikia. Usiyaache makopo yako; hapa hakuna anayejua kuyatumia.

Na sasa swali lako la tope, ambalo ulikuwa na haki ya kujibiwa palepale. Uliona sawa, sikuingia majini. Lakini picha haikukuonyesha yote, na Devotha, ambaye angeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya mkuu wa kituo, hakumwambia mtu. Asubuhi ile alipofika na ng'ombe wote na wezi wawili wamefungwa kwa mkanda wake, aliniangalia nikiwa nimesimama barazani na sare yangu iliyonyooka, akaniuliza tu, “Gwakisa, gari limepona?” Kisha mpiga picha akatupanga.

Jana yake, saa tisa alasiri, tulisimamisha Land Rover ukingoni mwa matete. Devotha alivua kofia, akaingia majini, akaniamuru nifunge gari nimfuate. Nilikuwa bado nimeshika mlango wezi walipopiga risasi. Nilimsikia akiniita kwa jina, mara mbili. Nikapanda, nikageuza gari, nikarudi kituoni, nikaandika kwenye kitabu cha matukio, ukurasa nilioung'oa kesho yake kabla mkuu wa kituo hajausoma, kwamba Koplo Devotha ameuawa. Tulikuwa tumepewa bunduki moja tu sisi wawili, na niliondoka nayo.