Sufuria Isiyoonjwa: Maisha ya Mwalimu Jean-Berchmans Itangishaka, 1961–2013

Marehemu Jean-Berchmans Itangishaka alizaliwa Lubarika, kijiji cha bondeni, tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa tatu wa mzee Nshimirimana na mama Kankindi, wakulima wa mpunga. Leo tulipaswa kumzika huko, kando ya wazazi wake. Lakini tangu Jumapili risasi zimefunga barabara ya bonde, kwa hiyo atalala hapa Uvira. Atatusamehe. Hakuzoea kupewa nafasi ya kuchagua pahali pa kulala.

Alisoma shule ya msingi Lubarika, kisha sekondari Uvira, akapata diploma ya serikali mwaka 1980. Mwaka 1986 alimaliza masomo ya biolojia katika chuo kikuu cha Kisangani. Aliporudi, mama yake alimwuliza amesomea nini miaka yote hiyo.

"Seli, mama. Iko kitu ndogo sana, haionekane na macho."

"Miaka sita juu ya kitu haionekane! Basi ungekuwa tu padri."

Alianza kufundisha hapa Uvira, mtaa wa Kasenga, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Eliane, binti wa wavuvi wa Kalundu. Mungu aliwapa Mathieu na Marie-Rose.

Oktoba 1996 vita vilipofika mjini, walikimbilia bandarini Kalundu na kupanda mashua ya mizigo. Ndani yake walimkuta jirani yao Apollinarie, mjane wa mwezi mmoja tu, amekumbatia sufuria tupu. Hakuwa amebeba kitu kingine. Walivuka naye mpaka Kigoma, na kambini familia yote ilipikiwa katika sufuria hiyo kwa karibu miaka tisa. Marehemu alifundisha chini ya hema, ubao wake ukiwa mlango wa choo uliong'olewa. Kila aliposikia redio ikitaja Uvira alisimama, akaenda hatua kumi, akarudi.

Walirejea Julai 2005. Katika miaka iliyofuata ndipo alipotoa somo ambalo wanafunzi wake hawalisahau. Kila seli, alisema, inabeba kitabu kizima cha maagizo ya mwili, lakini seli ya misuli inasoma kurasa zake, na seli inayotulinda na magonjwa inasoma zake. Kuna protini zinazofungua kurasa hizo, wataalamu wanaziita facteurs de transcription. Yeye aliziita wafunguaji. Katika seli za ulinzi mfunguaji mmoja anawekwa nje ya kiini, yaani chumba kinachotunza kitabu, ameshikwa na protini nyingine, mzuiaji. Mdudu wa ugonjwa akiingia, mzuiaji anavunjwa, na mfunguaji anaingia kiini kufungua kurasa za vita. Ili waelewe, alimwamuru mwanafunzi mrefu kuliko wote akimbilie mlango, na Célestine, mdogo kuliko wote, amshike mshipi.

"Célestine, shika!"

"Prof, mushipi itakatika!"

"Ikikatika, vita imeanza."

Darasa lilipomaliza kucheka, akaongeza: kati ya kurasa za kwanza kufunguliwa umo ukurasa wa kutengeneza mzuiaji mpya. "Mwili ukianza vita, siku ileile unatengeneza wa kuisimamisha. Sisi je?" Hapo alifuta ubao na kutoka.

Kila Jumapili baada ya misa Apollinarie alimletea sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Kama ilivyo desturi yetu, mwenye kuleta chakula anaonja wa kwanza, ili anayelishwa asiogope sumu. Jumapili moja ya Septemba 2011 milio ya risasi ilisikika upande wa Kalundu. Apollinarie akatua sufuria na kukimbia bila kuonja. Marehemu alikula. Wiki ileile shingo yake ilivimba, akaanza kukonda na kulowa jasho.

Novemba, huko Bujumbura, madaktari walikata kinyama cha shingo wakakipima. Ilikuwa saratani ya tezi iitwayo Hodgkin. Marehemu alisoma karatasi mwenyewe, akamwambia Eliane kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani hiyo mzuiaji ameharibika, mfunguaji anabaki ndani ya kiini, na seli inaongezeka bila kukoma. "Nilifundisha hii somo," alisema. "Sasa minye ndio tableau, ubao yenyewe." Dawa alizipata, zikakatika kila barabara ilipokatika.

Lakini dada yake mkubwa, Claudette, alikuwa amehesabu siku kurudi nyuma mpaka ile Jumapili, akasema ni sumu. Januari hii jamaa walikubaliana kwamba Apollinarie asikanyage matanga, na wengine waliapa kwamba siku ya maziko nyumba yake itawaka. Marehemu aliposikia aliwaita wote kando ya kitanda.

"Claudette, huyu mama tulikula naye mu sufuria moja miaka tisa. Sumu iko inangojea nini?"

"Weye na ma-protini yako! Muntu anabakia mifupa, unasema iko protini?"

"Ndiyo, iko protini. Siku ya kunizika muisome hii habari mbele ya wote. Na weye dada, siku ile usianze kulia. Anza kula. Ile sufuria yake, bila yeye kuonja."

Claudette alitoka nje. Alitembea uani huku na huku mpaka jua likawa kali.

Mwalimu Itangishaka alifariki Jumanne tarehe 19 Februari 2013, saa nne asubuhi, nyumbani Kasenga, mkono wake ukiwa katika mkono wa Eliane.

Jana Apollinarie alifika na sufuria, akasimama nje ya ua. Waliokuwa wameapa waliinuka. Claudette akawapita, akafungua mlango wa ua. Apollinarie aliinua kijiko ili aonje. Claudette alimshika kifundo cha mkono.

"Acha, dada."

Akakitwaa kijiko, akala mbele ya wote, akatafuna polepole.

"Chumvi haitoshe," alisema, akaanza kulia. Wale waliosimama waliketi, mmoja mmoja, wakaomba sahani.

Marehemu anaacha mjane wake Eliane; watoto wake Mathieu na Marie-Rose; dada yake Claudette; wanafunzi aliowafundisha kwa miaka zaidi ya ishirini; na Apollinarie, ambaye familia inaomba ahesabiwe kuwa dada wa marehemu, na nyumba yake iwe nyumba yetu.

Bwana ampe Jean-Berchmans pumziko ambalo nchi hii haikumpa. Alale kwa amani.