Koti ya Donatien

Benchi yetu iko Kadutu, ku kona ya njia ya soko, na mimi ndiye ninauzishaka kahawa pale. Mutoto wangu Noëlla analala pembeni yangu, nimemufunga vizuri ndani ya koti ya kazi ya baba yake, maana ile koti hakuna kiroboto inaikaribia. Baba yake ni Donatien. Wanamuita Mvua, juu anapulizaka dawa ya wadudu ku shamba ya kahawa ya muzungu mumoja, njia ya Kavumu, pompe mugongoni, mpaka miti inalowana na yeye pia analowana. Wengine wa kila siku ni muzee Polycarpe, tunamuita Docteur kwa sababu alifagia hopitali miaka mingi, na Bisimwa, Radio, yeye habari anaijua mbele itokee. Ile dimanche, kisha misa, nilikuwa na woga. Enfirmie, ule mwenye anachomaka watu sindano, aliona uvimbe ku shingo ya bwana yangu, akasema inaweza kuwa cancer, akasema kesho aende kwa munganga wa hopitali, na Donatien anasema kesho iko kazi! Niliwamiminia kahawa, nikasema yote mara moja, bila kupumua, ili wanisaidie.

— Docteur, umuambie! Wewe unajua mambo ya hopitali.

— Ninajua. Cancer ni ugonjwa ya wazungu, maman. Inatoka ku soksi. Miguu haipumue, ile joto inapanda, inapanda, inafika ku shingo.

— Mvua hana hata viatu, Radio akasema.

— Basi aliazima.

Donatien, pale pale ku benchi, akacheka.

— Ni mukaba ya pompe tu, inanikwangua. Kesho nitaiweka ku bega ingine.

— Na shingo utaiweka ku bega gani? nikamuuliza.

— Maman Noëlla, kahawa inaungua.

— Iungue!

Radio akasogea katikati ya benchi. Akisogea hivi, tunajua habari iko njiani.

— Musikie. Constantin, ule mwenye alipulizaka mbele ya Mvua, alivimba kwapa, akarudia kwao Nyangezi. Hatukumuona tena. Sababu ni nini? Wadudu! Unaua wadudu kila siku, unafikiri hawana ndugu? Wanafanya mukutano, wanachagua moja mwenye akili, anakuingia ku sikio, anajenga nyumba ku shingo.

— Mududu anajenga nyumba?

— Ya matofali, Docteur. Uguse, ni ngumu!

Wote wakacheka, Donatien wa kwanza. Mimi sikucheka.

— Donatien, habari ya Constantin hukuniambia.

— Alikuwa muzee, mama.

— Mulibatizwa siku moja, wewe na yeye, mungali watoto!

Akaangalia kikombe yake. Docteur akaona mambo inakuwa mubaya, akakimbilia kusema.

— Mimi naona ni kahawa yenyewe. Dawa inaingia ku muti, inafika ku mbegu, muzungu kule Ulaya anakunywa, anakohoa, na ile kikohozi inamurudilia mwenye alipuliza.

— Muzee, Donatien akasema, dawa ni ya kuua wadudu. Mimi niko mududu?

— Kwa ile miguu yako, siwezi kukataa.

Wakacheka tena. Ndipo mama mumoja akasimama, mugeni, na sombe, majani ya muhogo, ku kichwa, akaomba kahawa. Akainama kumuchekea Noëlla. Akanusa.

— Hii harufu naijua. Ni dawa ya shamba.

— Ni koti ya baba yake, nikasema, tena na furaha. Kiroboto ikiigusa, inakufa palepale.

Akaangalia koti. Noëlla alikuwa analala, ananyonya kola.

— Kiroboto inakufa, ndiyo. Na ile dawa inajua namna gani kama huyu si kiroboto?

Ile mama akakunywa, akashukuru, akaenda na sombe yake.

Donatien akasimama. Akamutoa mutoto ndani ya koti, pole pole, akamuweka ku kifua yangu, ndani ya kitambaa yangu. Koti ikabaki ku benchi, peke yake. Radio akasogea mbali nayo.

— Docteur, Donatien akauliza, hopitali wanafunguaka saa gani?

— Asubuhi sana. Nitakupeleka mimi. Mule ndani hakuna pembe sijafagia.