Jeneza Lililoandikwa Mvule

Mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na nne, nilimpoteza mume wangu. Ndugu zangu wa chama, hilo mnalijua, maana ninyi ndio mliochanga. Ambalo sijawahi kuwaambia ni kwamba kule nyumbani, magharibi, nilipoteza pia jina langu.

Jeneza nililinunua sokoni Gikomba. Fundi aliniambia ni mvule mtupu, chini mpaka juu. Mama mmoja aliyenisindikiza, naye yuko hapa leo, akamwambia aandike hivyo kwenye risiti. Mimi niliona haya. Kitambaa cheupe cha ndani sikukifunua, wala ubao sikuugonga. Kwetu anayechunguza jeneza husemwa anaita lingine.

Tulipofika, wanaume wakiliteremsha kutoka kwenye gari, ubao wa chini ukaachia. Wakamdaka mume wangu kwa blanketi. Nawaambia, sauti ya ubao ule bado naisikia hata nikifua nguo. Kipande kilichoanguka kilikuwa na herufi za sanduku la majani chai. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya watu wote, "Michango umeila, mwanangu ukamfunga kwenye sanduku la chai."

Nilikiokota kipande kile nikakifunga kwenye leso.

Nilirudi mjini, Kayole, nikanyamaza. Krismasi ikapita, mimi na watoto hatukuitwa nyumbani. Yule mama aliyenisindikiza Gikomba, aliyefagia mahakamani miaka mingi huku akisikiliza, ndiye aliyeniuliza ninaumwa na nini. Nikamweleza. Nikasema nimeshazika, nitadai nini tena?

Akanijibu, "Sheria haiulizi kama ulikuwa unalia. Inauliza alikuahidi nini, na akakupa nini."

Tulienda wawili, mchana, bila matusi. Fundi alitukaribisha vizuri mpaka alipojua shida yetu. "Mama, jeneza liko chini ya udongo," akasema. "Utanionyesha nini?" Wenzake wakacheka kidogo. Mwenzangu akasema basi twende kwa mwenyekiti wa mafundi, na tusipoelewana pale, tutafika kwa chifu.

Mwenyekiti alikuwa akipiga randa. Aliisoma risiti, akakigeuzageuza kile kipande nilichomtolea kwenye leso.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na hii ni mvule?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni.

Alinirudishia nusu ya pesa. Sitawadanganya, nilizipokea. Lakini nilimwambia si hizo zilizonileta. Nilitaka amwandikie mama mkwe barua, aseme aliniambia ananiuzia nini, na aliniuzia nini. Akaandika, na mwenyekiti akatia sahihi.

Namshukuru mwenzangu huyu, na ninyi mliochanga bila kuniuliza hesabu. Mimi pia nilikosa. Kitambaa ningekifunua. Anayenunua akiwa na msiba ana haki ileile ya anayenunua akiwa na harusi. Andikisheni mnachouziwa, na mkidhulumiwa msiende peke yenu, wala msikae kimya kama nilivyokaa.

Barua niliipeleka mwenyewe, mwezi uliopita. Shemeji aliisoma, mama mkwe akamwambia airudie. Kisha mama mkwe akaligeukia kaburi la mwanawe. Halafu akaniuliza kama nimekula.