Betri Nane za Boti ya Matanga

Nilikuwa katikati ya hotuba, nikiwaonyesha wenzangu kwenye picha "mzizi unaoishikilia boti isipinduke", Abdiel aliponipokonya ile picha na kuigeuza juu chini. Mzizi ukawa mlingoti. Kijiwe chetu cha Sekei kilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Na mimi ndiye wanayemwita Baharia, eti kwa sababu niliwahi kufika Marseille kwa meli. Nilitapika njia nzima, hilo sikuwaambia. Picha ilikuwa ya Lemburis, fundi betri. Mzungu aliyetengenezewa naye gari juzi anataka fundi huyo akambadilishie umeme wote wa boti yake iliyotia nanga Tanga: waya, taa, friji, betri. Leo saa kumi ampigie kutoka posta amtajie idadi ya betri. Akichelewa, kazi inakwenda kwa fundi wa Moshi.

— Ni boti ya matanga, alisema Lemburis kwa furaha.

— Pole sana, kaka, akasema Philemoni, muuza spea, Mangi wetu. Nani kafariki?

— Matanga ya upepo, Mangi! Vile vitambaa!

— Ahaa! Betri anazo ngapi?

— Mbili. Friji ikinguruma tu, taa zinafifia.

— Weka nne, akaamua Abdiel, mwalimu mstaafu, Profesa wetu.

— Nne? akaruka Philemoni. Profesa, enzi za foleni madukani zimekwisha! Siku hizi mpakani Namanga kinapita kila kitu. Weka sita. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Sawa, na waya wa arthi? akauliza Abdiel. Ataufunga wapi, na baharini hakuna ardhi?

— Kwenye nanga! nikadakia. Nanga si inalala chini?

— Na ikipandishwa, Baharia?

— Inapanda na samaki waliopigwa shoti. Mnakula.

— Kukosa ardhi ndiyo raha yenyewe! Philemoni akasimama. Betri ukiiweka kwenye saruji, si ardhi inainyonya chaji? Huko nani ataigusa? Itakaa mpaka mjukuu wa Mzungu astaafu!

— Basi nane! nikapiga kelele. Apige na pasi!

Lemburis akaandika nane kiganjani, akainuka kwenda posta. Hapo akatokea Mama Penina, mteja wake wa Kikatiti, na betri ya redio kichwani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kule. Mimi hii ikiisha nakuletea wewe uichaji. Huyo zikimwishia nane katikati ya maji, anampelekea nani?

Miaka yote betri humfuata Lemburis zenyewe, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu.

— Si kuna injini ya kuzichaji? Philemoni akajaribu.

— Mzungu anasema huiwasha akiingia bandarini tu, akajibu Lemburis.

Wote wakanigeukia mimi, Baharia. Nikachungulia kikombe changu.

— Mnamwongezea midomo ya kulisha, shamba hamjamlimia, akasema Mama Penina.

— Sasa mama, nikimwambia sijui, si kazi atampa yule wa Moshi?

— Ampe! Futa hiyo nane, ukamuulize anazichaji kwa kitu gani.