Gesi Nyuma ya Nyumba ya Rodrigue

Tangu Mungu alipomwita mume wangu, nauza kahawa kwenye njia panda ya kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, kando ya benchi alilolipigilia misumari mwenyewe. Wanaokaa hapo hawaniachi nilie sana. Juzi mvua ilinyesha, na Rodrigue, mtu wa Bukavu, akaona dimbwi nyuma ya nyumba yake likitoa mapovu. Akakumbuka gesi inayotolewa chini ya ziwa Kivu, kwao, akaanza kuchimba. Leo asubuhi, mkewe Ernestine akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alipeleka sokoni Lumbadzi mbabula yao, jiko pekee walilo nalo, akalibadilisha kwa bomba la chuma la kuvutia gesi. Sasa alikuwa amekaa hapa akitafuta maneno ya kumwambia.

— Mapovu njo gesi, alisema. Chini kuna pango, imejaa tele.

— Pango ya wapi? alijibu Faustin, tunayemwita Profesa kwa sababu ya mwaka mmoja aliosoma mambo ya miamba. Akachovya andazi katika kahawa. Angalia. Jiwe la mchanga iko hivi. We unaona kavu, kumbe ndani ni vitundu vitupu. Gesi inakaa humo. Na juu yake inafaa ikuwe udongo mugumu, kama kifuniko cha sufuria. Pasipo kifuniko inapanda, inapotea.

— Njo ile inapotelea kwangu!

— Ilitoka Kivu, alisema Cadeau fundi cherehani, tunayemwita Mita. Ilipita jiwe kwa jiwe, chini ya Tanganyika, mpaka hapa.

— Yenyewe peke yake? aliuliza Profesa.

— Ilitufuata. Ni mukimbizi kama sisi.

— Basi ipige foleni ya unga!

— Mucheke tu, alisema Mita. Mwaka kesho Area 23 yote ya Lilongwe inapika ugali wao wa nsima kwa gesi ya Rodrigue. Batajiri ba Old Town batakuya kumuamkia, kofia mukononi.

Rodrigue alikuwa ameanza kunyoosha mgongo. Ndipo Ernestine akatokea na kitenge chake cha kwaya, sufuria ya maharage mikononi. Alikuwa amekwisha kupita nyumbani.

— Profesa, hayo mawe iko mbali huko chini?

— Mama, kilometa mbili. Pengine tatu.

— Na huyu baba Junior amechimba mpaka wapi?

Rodrigue aligusa goti lake.

— Sawa. Basi maharage ya leo nateleka wapi?

Profesa alitazama andazi lake. Mita alitazama barabara. Mimi nilimwomba Mungu anizuie kucheka, hakunizuia. Ernestine aliliondoa birika langu motoni, akaweka sufuria yake. Maharage yalikuwa makavu, hayajalowekwa.

— Zikomo, Mama Arlette, alinishukuru.

— Na kahawa? Mita aliuliza kwa sauti ndogo.

— Iko chini, nilimwambia. Chimbeni.